Kufa Mara Tisa

Ami Shekuwe alikufa mara tisa
kwa shilingi tatu na mkate wa mofa.
Machimbo ya Bamburi yakaitwa Marekani;
akavishwa kofia, akapigwa risasi,
akaambiwa: rudia, umekufa vibaya.

Picha ilipokuja, Kuze nzima tulibanana
kwenye viti vya mbele, vya mbao.
"Ngojani, naja."
Vumbi. Farasi. Vumbi.
"Lile bega! Bega langu lile!"
Kaa kitako, wewe, twamtaka steringi.

Hakuudhika. Kila harusi aliombwa kufa
na alikufa, kwa bega la kushoto, bila kumwaga chai.

Juzi alianguka ngazini
kwa bega lile lile.
Bi Rukiya akasimama juu, birika mkononi,
akimngoja ainuke.