Baiskeli Isiyokwenda

Imekazwa kwa skrubu nne kwenye sakafu ya ukumbi,
kati ya mashine ya kufulia na dirisha la Jesenice,
na gurudumu la nyuma haina.
Mtaalamu wa viungo kasema: dakika kumi, Bi Zdenka, kwa ajili ya nyonga.
Nyonga gani! Mimi nakwenda Gorica.

Ramani kaibandika Hafner, mwalimu wa hesabu,
ambaye macho yamemuaga, tarakimu bado.
Kila kilomita anayokanyaga yeyote kati yetu
anasogeza pini nyekundu upana wa ukucha,
akipapasa barabara kwa kidole kama apapasaye kovu.

Siku ya kwanza sikutoka hata nje ya kiwanda.
Tanuri zilishazimwa, najua, watoto wa shule huja kuzitazama,
lakini miaka ishirini na sita niliketi juu ya kreni
nikipitisha chuma chekundu juu ya vichwa vya wanaume,
na mguu ukigusa pedali, masikio hungurumiwa.
Siku ya tatu, Kranjska Gora. Theluji, watalii. Sikusimama.

Kisha Vršič.
Kona hamsini, Hafner akizihesabu kwa sauti kama anayedai deni.
Kona ya nane nikashuka,
yaani niliacha kukanyaga,
kwa heshima ya kanisa dogo la mbao
la wafungwa wa Kirusi walioichonga barabara hii wakati wa vita
hadi mlima ulipowamwagia theluji yake, mwezi Machi.
Walikuwa wangapi? nikauliza.
Hafner, ajuaye idadi ya kila kitu,
akanyamaza.

Hermina wa chumba cha kumi na moja akapokea usukani,
akapanda kona tatu, akasinzia.
Nikamalizia mimi.
Upande wa pili tulikanyaga vilevile:
baiskeli hii haijui mteremko, ndiyo kasoro yake kubwa.

Huko chini Soča ikatupokea,
kijani ambacho hakuna muuza rangi aliyewahi kukipatia.
Bovec, mabomba ya moshi yaliyoangushwa na tetemeko yamesimama tena.
Kobarid, Hermina anataka tununue jibini.
Mimi nikatazama juu, kwenye ngazi za mawe,
walikolazwa Waitalia elfu saba na ushei chini ya kanisa.
Babu yangu alikuwa ng'ambo ya mto, na bunduki ya Kaisari.
Huenda alifahamiana na mmojawapo,
kwa ile namna mbaya ya kufahamiana.

Jibini hatukununua.

Wiki mbili nyonga ikagoma. Pini ikakaa Tolmin,
ikashika vumbi.

Jumanne moja nikaamka kabla ya kengele,
nikashuka na fimbo, bila kumwambia mtu.
Daraja la Solkan nikalipita gizani, upinde mmoja wa mawe,
mto ukiwa chini kabisa ya visigino vyangu.
Na hapo ndipo alipoishi mama mdogo Pavla, karibu na stesheni:
mwaka wa arobaini na saba wakaja askari na ndoo ya chokaa,
wakavuta mstari.
Nyumba Yugoslavia. Kisima Italia.

Miaka mitatu alikitazama kisima chake.
Kisha Jumapili moja ya Agosti watu wakasukumana, wakavuka,
walinzi wakabaki na midomo wazi,
na jioni wakarudi wamebeba mifagio,
maana huku mifagio haikuwapo.
Pavla alinunua miwili. Mmoja ulikuja kwetu kwa treni.
Nilikuwa na miaka minne; nakumbuka mama
akiunusa, asiufagilie.

Hafner alinikuta nimelowa jasho hadi soksi.
Tumefika, nikamwambia.
Akapapasa ukuta. Pini niiweke upande upi?
Juu ya mstari wenyewe.
Akaikandamiza mpaka ikatoboa karatasi, ikagonga saruji.

Halafu akatoa mfukoni ramani nyingine, imekunjwa mara nne.
Bahari, akasema, haiko mbali.
Nikamwambia: nipe taulo kwanza.