Gia ya Mkono wa Kulia

Ijumaa. Bausher imeshasali alfajiri,
nami nimo ndani ya Datsani ya mama,
navuta choki kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto
na hataki alie.
Inakohoa. Inakohoa tena. Halafu inakubali.

Mwanangu Harith hunicheka:
"Mama, gari za siku hizi zinafikiri zenyewe."
Ndiyo maana sizitaki. Mimi bado nafikiri.
Mguu wa kushoto una kazi yake,
wa kulia una yake,
na mkono, ah, mkono!

Mama alijifunza gari Unguja, Mlandege,
usukani kulia, gia kushoto.
Alipokuja Maskati, mwaka wa sabini na sita,
akaikuta dunia imevaliwa ndani nje.
Miezi miwili alipapasa mlango akitafuta gia,
akashusha kioo badala ya kutia ya tatu,
vumbi la Ruwi likamjaa buibui.
Kisha akasema: basi, huu ndio mkono wa kulia,
wa kulia wali, wa kupokea na kutoa,
na gari nayo ipewe mkono wenye adabu.

Kichwa cha gia kimelika kwa kiganja chake.
Namba zimefutika, imebaki nne, na nusu ya mbili.
Si kitu. Mkono haujui kusoma
na haujapotea hata siku moja.

Akaba ya Amerat huanza ghafla,
barabara imesimama wima mbele ya kioo.
Mimi huisikia kabla sijaiona:
injini inaguna, sauti inashuka kifuani,
inaniambia sasa, sasa, usingoje.
Klachi chini, mafuta kidogo,
natoka ya tatu kwenda ya pili,
na pale katikati, kwa kupepesa jicho,
gari si ya mtu yeyote,
si yangu, si ya mlima.
Halafu meno yanakutana, ka!
Inapanda.
Utamu huu sijui niuite nini.
Ni uzi kupita tundu la sindano
mara ya kwanza, bila miwani.

Juu kabisa nikaegesha, nikazima,
nikamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
Chini, taa za mji zikizimika mtaa kwa mtaa,
bahari rangi ya bati.
Nikageuza ufunguo: kimya.
Betri.

Landkruza nyeupe ikasimama. Vijana wawili,
kanzu zimenyooka kama karatasi.
Waliponisikia naitukana betri
mmoja akatoa Kiswahili cha bibi yake:
"Shangazi, una waya? Tuite fundi?"
Mwenzake akachungulia miguuni mwangu:
"Hicho kikanyagio cha tatu cha nini?"
Nikasema, "Nipisheni njia, mtakiona."

Nikaachia breki ya mkono.
Mteremko ukafanya kazi ya wanaume kumi.
Datsani ikaviringika bila sauti,
changarawe tu zikilia chini ya mipira.
Klachi chini, gia ya pili,
ngoja,
ngoja,
sasa.
Ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto,
ikawaka.
Kwenye kioo nikamwona mmoja anapiga makofi,
mwingine bado ameshika waya zake.

Vibao vya njia vinaomba gia ndogo. Havikuhitaji kuniomba.
Fundi Varghese wa Wadi Kabir, mwenye Kiarabu cha kuunga na gundi,
aliniambia zamani: breki ni mkopo, injini ni akiba.
Nikateremka na akiba yangu,
gari ikinung'unika chini kwa chini
mfano wa mtu anayevuta uradi,
hadi Amerat, hadi harufu ya mkate wa kwanza.

Kwenye taa nyekundu nikasimama.
Mkono wa kulia ulikuwa juu ya gia, umetulia.
Wa kushoto nikaukuta mlangoni,
umekamata kishikio cha kioo,
umekikaza vile mtu atiavyo ya tatu.
Mimi sijapata kuendesha Unguja.
Sikuuondoa.
Taa ikageuka, nyuma wakapiga honi,
tukaondoka, moja, mbili,
mikono yote.