Safu ya Kulia

Kazi yangu ni safu mbili.
Kushoto, jina kama lilivyo kwenye faili la kliniki;
kulia, jina kama linavyotoka kinywani.
Kati yake alama ya usawa, uongo mdogo
ambao kompyuta inauhitaji ili itulie.

Sisi wa Konemara, magharibi ya Ayalandi,
tunaandika kwa ukarimu:
herufi tunazialika nyingi, chache ndizo hupewa kauli.
Mimi ni Odhrán. Hiyo d imelala, h imejifunika pamoja nayo;
soma Oran, upite.
Lakini sauti ya mashine haipiti. Ulimi haina,
na huu wetu, usio na mfupa, ndio unaojua
pa kukanyaga na pa kuruka.

Ijumaa ililetwa orodha ya wasiopatikana.
Caoilfhionn Ní Mhaoláin, miaka sabini na tisa,
mtoto wa jicho, macho yote mawili,
miadi mitatu imepita.
Nikasikiliza rekodi.
"Naomba kuzungumza na Kao-ili-fi-hi-oni."
Kimya. Birika linachemka kwa mbali.
Kisha mwanamume: "Hapa hakuna mtu huyo,"
na simu ikakatwa kwa adabu.
Mara tatu. Kwa adabu mara zote tatu.

Ningeweza kukisia. Kamusi yetu ina Kilin,
ina na Kwilin, kwa wanaosema hivyo,
na mkubwa wangu, Treasa, husema chagua moja,
watu wamezoea.
Wamezoea. Ndivyo mtu anavyoliacha jina lake
mlangoni, kama mwavuli uliolowa.

Nikapiga mwenyewe. Akapokea kaka yake, Fachtna.
Dada yako mnamwitaje?
"Tunamwitaje? Kwa jina lake."
Naomba unisemee.
Akaona haya. Jina la mtu wa nyumbani
halisemwi hivihivi, hewani, kwa mgeni;
huitwa, na likiitwa huja na sababu:
kondoo wametoka, chai inapoa,
njoo uone mvua ilivyokaa juu ya kilima.
Basi akageuza shingo, nilimsikia akigeuza,
akaita kweli:
"Kiliiin!"
na ndani kabisa ya nyumba mwanamke akajibu, "Nini tena?"

Herufi kumi na moja upande wa kushoto.
Kulia nikaandika sauti tano,
mkazo mwanzoni, l nyembamba,
nyembamba kama jina lenyewe lisemavyo kwetu.
Irabu ya mwisho, ile aliyoivuta hadi jikoni,
nikaijaribu kwa nukta, kwa sehemu za sekunde;
ikawa king'ora, ikawa mbuzi.
Nikaifuta. Hiyo si mali ya kliniki.

Jumatatu sauti ikapiga.
"Naomba kuzungumza na Kilin."
Alipokea mwenyewe. Akanyamaza kidogo.
Kisha, kwa furaha ya mtu asiyeona vizuri
aliyetambua hatua za jirani:
"Ni mimi. Na wewe, mwanangu, ni wa kwa nani?"
Ndivyo tunavyoulizana kabla ya habari yoyote:
ukoo gani, ng'ambo ipi ya ziwa,
bibi yako si yule aliyekuwa na punda mweupe?
Sauti ikasema: Jumanne, saa tatu asubuhi,
tafadhali usiendeshe gari.
"Vema. Lakini wa kwa nani?"
Sauti ikasema: kusikia tena, bonyeza moja.
Akabonyeza moja.
Akabonyeza tena.

Rekodi hiyo nimeisikiliza kuliko inavyonipasa.
Alikwenda. Jicho la kushoto limeshafanyiwa.

Kila asubuhi nikiwasha kompyuta, sauti hiyohiyo
hunisalimu: "Karibu, Odi-hirani."
Ni sekunde chache tu kulirekebisha. Treasa hucheka:
fundi viatu, miguu pekupeku.
Nami namwacha acheke.
Safu ya kushoto nimeandika Odhrán.
Ya kulia iko tupu.