Deni la Madawati

Sina wino wa fahari,
penseli yangu tayari,
ubao ndo daftari,
naandika yalokuwa.

Mimi fundi wa Magongo,
kibanda hakina lango,
nimepinda na mgongo,
kwa meza ninasifiwa.

Barua ikanijia,
mhuri wameutia,
Mombasa ikanambia:
"Zabuni umechukuwa."

Madawati mia mbili
ya chekechea, kamili,
pembe zisidhuru mwili,
kwa msasa kukwatuwa.

Mbao sikuwa na zangu.
Badi, si wa damu yangu,
alinipa fungu fungu,
karadha ya kungojewa.

Nyamawi, mwana wa kazi,
akagonga hadi ngozi
kama kifuu cha nazi,
kwa ahadi ya kupewa.

Na chakula cha mchana
Mejumaa muungwana
mbaazi katupa sana;
ukutani twachorewa.

Tukapeleka kwa lori,
wakaguzi wakakiri
hakuna lenye hatari;
sahihi ikatolewa.

Mwezi wapita wa pili,
wa tisa, bila dalili,
nambiwa, "Lile faili
juu linaangaliwa."

Badi hakuja na vita;
simu yangu akakata,
na mbao aliziita
"zangu zilizoibiwa".

Nyamawi karudi kwao
Kaloleni, si kwa cheo,
na nyundo ndiyo mafao;
uso wangu ukalowa.

Mejumaa na ukuta:
michoro ikajikita
hadi dirisha kupita,
na sufuria kupowa.

Kaunti na mkutano
wa uchumi, na vinono;
ukumbini, kwa maneno,
"neema" yahubiriwa.

Nami nje, barazani,
risiti zi mkononi,
nikajisemea ndani:
hiyo yangu yakaliwa.

Soko jipya, ndiyo, zuri,
na taa zikinawiri,
lakini deni la siri
ni mchwa, nguzo huuwa.

Hazina kaja Saumu,
asokunywa chai humu,
kavuta droo kwa zamu,
tangu kale zafungiwa.

Alipanga kwa tarehe,
bila ngoma na sherehe,
si kwa vyeo vya mashehe;
la mwanzo kwanza likawa.

Bunge nalo likaridhi:
mdogo asiye hadhi,
kwa mwezi, hiyo faradhi,
haki yake keshapewa.

Simu ikatikisika,
nikadhani ni dhihaka,
hadi benki nikafika,
noti nikahesabiwa.

Kwa vanishi ya kidole
noti ya juu, ya mbele,
ikaganda doa pale
pembeni, umbo la uwa.

Nikampa Badi kwanza.
Hakusema; alianza
mbao nyingine kutunza,
zangu, za kuchukuliwa.

Badi kalipa wa lori,
akanunua tairi;
mwenye duka, adhuhuri,
mbaazi kapakuliwa.

Nyamawi nilimwendea
Kaloleni, kumwambia:
"Randa yako yangojea,
na chako njoo chukuwa."

Mejumaa kwa chokaa
ukuta kaupakaa,
jiko la pili lang'aa,
na binti kaajiriwa.

Juzi kaenda kulipa
leseni, pasi kukwepa;
Saumu, noti kumpa,
ina doa lile, uwa.

Sijui kama ni ile;
vanishi iko kwa wale
mafundi wa huku, kule;
mimi nimesimuliwa.

Ila najua la kweli:
shilingi si ya kufuli,
itoke, iende mbali,
irudi imenoliwa.

Sasa narudi mbaoni,
zabuni mpya mezani:
rafu za zahanatini,
na siku nimetajiwa.

Barua kwa msumari
naitundika dhahiri;
kwa penseli nakadiri
siku zinazopunguwa.