Ikifa, Iachie

Siku ya tatu ng'ombe hawajanywa maji.
Wybren alinipigia simu alfajiri, kutoka kaskazini mwa Friesland:
wanasogea mpaka kwenye birika la chuma,
wanashusha pua,
wanaruka nyuma kama waliotukanwa.

Nilivaa buti za kuazima. Mvua ya Februari ilinyesha kwa ubavu.
Niliweka kiganja kikavu juu ya birika: kimya.
Nikakilowesha: mnyeo,
sisimizi wanahama nyumba chini ya ngozi.
Na mimi nimesimama juu ya mpira. Ng'ombe ana kwato nne zilizolowa
na pua isiyojua adabu ya kuvumilia.

Vile visanduku kumi na viwili ukutani,
visomavyo kola za shingoni,
nilivichora mimi.
Volti ishirini na nne huingia upande huu;
upande ule ni chuma cha birika;
katikati nilichimba mfereji wa milimita nane
umeme usivuke.
Kisha, juu ya mfereji uleule,
nikatandika daraja: kapasita moja,
kelele ipate njia ya kurudi kwao.

Daraja pana mno. Nanofaradi kumi.
Kila kisanduku kilivujisha kidogo, kidogo cha kusamehewa,
lakini haba na haba,
na kibaba kilipojaa tukawapa ng'ombe wanywe.

Cha saba nilikifungua mezani.
Kapasita iliyomo siyo niliyoiandika.
Geert wa manunuzi alipata ya kawaida,
nafuu kwa senti saba. Alikuja kuniuliza.
Nilikuwa nakula mkate. Nikasema, sawa tu.
Sahihi ni yangu.

Ile ya saba ilikuwa imekufa imeshika,
mkono huku, mkono kule, haikubanduka,
na mfereji wangu wote umekuwa barabara.

Karatasi ya vipimo hulisema hili
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
madaraja nayo yana madaraja.
Usiulize tu inabeba volti ngapi.
Uliza inakufaje.
Ipo ya buluu, kisahani cha kauri, Y1 imechapwa mgongoni,
iliyopigwa volti elfu nane kwa makusudi kabla ya kuajiriwa,
iliyofunzwa kwamba siku yake ikifika
ipasuke, iachie.

Nilianza na ndogo kuliko zote.
Mnyeo ukaisha, visanduku vikaanza kugugumia,
vikamsoma Baukje wa Kumi na Nne kuwa Klaaske wa Tisa
na kumnyima pumba zake.
Ukibana mvujo, kelele inafura.
Ukiipa kelele njia, ngozi inalipa.
Usiku nne nilipanda na kushuka kati ya hayo mawili,
nikakomea pikofaradi mia sita na themanini
na pete ya feraiti kwenye waya.

Ijumaa nilirudi. Kiganja kilicholowa: maji baridi, basi.
Kipimo kilisema nusu ya miliampea kwa vyote kumi na viwili.
Wybren hakukitazama. Alimtazama Klaaske,
aliyenusa, akanusa tena,
akazamisha mdomo mpaka puani.

Ilikuwa tofauti ya shilingi ngapi? aliuliza.
Senti saba.
Hakucheka. Alianza kuhesabu maziwa ya juma zima
kwa vidole,
akaishiwa vidole.