Rangi Tatu

Saa kumi na moja na nusu nafunga lango la ghala,
namkabidhi Chilumba rungu na tochi,
naingia kwenye ukungu wa Newala
uliolala njiani kama ng'ombe asiye na mwenyewe.

Nyumba bado inakoroma.
Mabakuli mawili yananisubiri mezani, midomo wazi:
la Somoe, kifuniko chekundu;
la Mfaume, kifuniko cha njano, kimepasuka ukingoni
tangu siku alipokigeuza usukani.

Mama yao yuko Ndanda, anasomea uuguzi.
Alipoondoka hakuniachia hela, aliniachia sheria:
"Usinihesabie shibe, Athumani. Nihesabie rangi.
Zikipungua tatu hujawafungia chakula,
umeziba tundu tu."

Mimi ni mtu wa usiku.
Kazini kwangu tochi ikipita juu ya magunia
hata panya ni kijivu, hata mkono wangu.
Sasa nasimama jikoni kama fundi cherehani,
napatanisha kijani na rangi ya chungwa.

Mbaazi mbichi, nilizozimenya jana nikisinzia,
zimetokota na nazi.
Papai nimelikata, mbegu wamepata kuku.
Ming'oko imechemka na chumvi yake,
maganda yameanza kuvuka yenyewe.

Somoe hapendi ming'oko.
"Wenzangu wanakuja na maandazi, baba,
na juisi ya pakiti. Mimi nikifungua bakuli
wananiuliza kama tumetoka porini."
Nikamwambia: Waambie ndiyo.
Waambie tulikwenda na jembe.

Siku hiyo bakuli likarudi jeupe.
Kumbe Nachihangu, binti wa mwalimu mkuu,
alitoa maandazi mawili kwa ming'oko mitano,
akaomba na wa sita.
Somoe akaingia ndani na sauti ya mfanyabiashara:
"Kesho niongezee."

Mfaume ana mambo yake.
Yai hula kiini, ute humpa paka wa shule.
Dagaa huwapanga kwa urefu, akawapa majina,
kisha hawezi kuwala.
Nimejifunza kuwasaga, kuwazamisha kwenye kisamvu:
asiye na macho haitwi jina.

Basi ikaja Alhamisi ya mwisho wa mwezi.
Maji ya ndoo yalikuwa yamekunywa hela ya nyanya.
Palikuwa na muhogo.
Pembeni ya muhogo, muhogo.

Simu ikalia.
"Rangi ngapi leo?"
"Tatu."
Somoe alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua macho.
"Zipi?"
"Nyeupe," nikasema. Nikameza mate.
Nikatazama meza. "Nyekundu. Na njano."
"Hapo sawa," akasema mama yao, mbali, amefurahi,
na Somoe akakiinamia kiatu chake
akaifunga upya kamba iliyokwisha kufungwa.

Hakusema neno. Si asubuhi ile, si wiki ile.
Mshahara ukatoka, nyanya zikarudi, nikasahau.

Jana jioni nikiwa natafuta koti
akanisukumia bakuli lake, limefungwa, lina uvuguvugu.
"Leo nimekufungia mimi."

Saa saba usiku, mgongo kwenye magunia,
naweka tochi begani na kulifungua.
Njugu mawe.
Kipande cha papai, kimeng'atwa pembeni,
meno nayajua, ni ya Mfaume.
Moja. Mbili.
Natafuta ya tatu. Nachokoa chini ya njugu,
nainua papai, namulika hadi sakafuni
kama mtu aliyeibiwa zamu yake ikiendelea.

Halafu naona nilichokishika mkono wa kushoto
muda wote huo.

Mbwa wa ng'ambo wanabweka.
Wamesikia mlinzi anacheka peke yake ghalani,
kifuniko chekundu kifuani.