Mhuri wa Maji

Kwetu Bukavu, sambaza ni samaki,
mdogo kama kidole cha mtoto.
Unamla mzima, na macho yake.
Hapa Rhonda, sambaza ni salio la simu:
"Kinyozi, nisambazie ishirini."
Mara ya kwanza nilicheka peke yangu,
wembe mkononi, mteja akihofia shingo yake.

Mwaka wa tisa huu.
Nywele za Nakuru nazijua kwa mguso,
na vinywa pia. Mtu akitabasamu kiooni
namwambia alikozaliwa kabla hajasema.
Maji ya visima vya hapa hupaka meno
rangi ya chai isiyo maziwa.
Haitoki, hata kwa mkaa.

Bisimwa alipoota meno ya pili
yalitoka hivyo, kahawia, yenye mawingu.
Mamake alilia bafuni, bomba limefunguliwa nisisikie.
Mimi nilimwinua kidevu mwanangu, nikasoma
kama anayesoma barua ya serikali.
Ofisi hutupa karatasi ya miezi sita,
kisha sita tena,
ikikunjwa mara nyingi huchanika mkunjoni.
Maji hayakuuliza babu yake nani.
Yalimgonga mhuri.

Jumapili tulimpigia Nsimire.
Tulimwacha kwa nyanya yake, anaumwa surua.
Wiki mbili tu, tulisema;
lori halikungoja homa ishuke.
Sasa ana miaka kumi na sita, sauti ya marehemu mamangu,
na meno meupe pe.

"Papa, huyu mtoto munamulisha nini? Udongo?"

Bisimwa akafumba mdomo.
Kisha akaufungua wote, hadi magego,
akausogeza kwenye simu mpaka kioo kikafanya ukungu.
"Ni maji! Ukija utayanywa.
Lakini yako yatabaki meupe.
Wewe umeshachelewa."

Hakuna aliyejibu.
Upande wa kule jogoo aliwika.
Upande wetu mvua iliteremka kutoka Menengai,
ikaanza na mabati ya jirani.
Nsimire alifungua kinywa kusema kitu
na picha ikaganda hapo,
meno yote nje,
sijui anacheka au vipi.

Bando limekwisha.

Nilivuka uani na gunia kichwani,
nikabisha kwa Mama Cherotich.
"Jirani, tafadhali," nikasema,
"nisambazie."
Neno likanipita kooni
zima, na macho yake.